Bei ya Sahani Malindi: Mstaafu Anaonewa au Haonewi?

Maandishi ya mazungumzo kwa wakaazi wa Malindi, Watamu na Mambrui kuhusu bei za vyakula hotelini na mikahawani

 

Lalamiko hili si geni masikioni mwa mtu yeyote anayeishi Malindi. Mzee aliyestaafu huingia mkahawani saa saba mchana, akaagiza samaki wa kupaka na wali wa nazi, akanywa chupa moja ya maji, halafu bili ikaletwa. Huitazama mara mbili. Akitoka nje huwaambia wenzake barazani kwamba mji umekuwa ghali kuliko Nairobi na kwamba wenye mikahawa wanawakamua wazee. Mwenye mkahawa naye, akiulizwa, hufungua daftari lake la umeme, kodi ya nyumba na mishahara, akasema anayekamuliwa ni yeye. Kila mmoja ana hesabu yake, na hesabu zote mbili zaweza kuwa sahihi.

Swali basi ni hili: je, bei za vyakula katika mji wenye wastaafu wengi kama Malindi ni za haki? Haliwezi kujibiwa kwa neno moja, kwa sababu Malindi haina mstaafu wa aina moja.

Nchi nyingine zimelirahisisha jambo hili kwa kujenga ukuta. Marekani kuna miji iliyojengwa makusudi kwa ajili ya wazee. Sun City ya jimbo la Arizona ilifunguliwa Januari 1960, na baada yake ikaja mingine mingi. Kuna pia makao ya wazee ambamo chakula kimeunganishwa na ada ya mwezi, hivi kwamba mkaazi akiona sahani imepanda bei anajua ofisi ya kwenda kulalamika. Malindi haina ukuta wala ofisi ya namna hiyo. Hapa mji mzima ndio chumba cha kulia. Mstaafu anakaa meza moja na mtalii wa wiki mbili, mfanyabiashara wa Mombasa na kijana anayesherehekea mshahara wake wa kwanza, na wote wanasoma menyu ile ile.

Uhusiano wa Waitaliano na pwani hii ya kaskazini ulitiwa nguvu na roketi. Huko Ngomeni, mradi wa San Marco ulirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini tarehe 26 Aprili 1967, na tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ikarushwa setilaiti iliyopewa jina hilo hilo la Uhuru. Baada ya mafundi wakaja watalii, na baada ya watalii wakaja wenye hoteli, mikahawa ya pizza na maduka ya aiskrimu. Miaka imekwenda. Baadhi ya hao wameota mvi hapa hapa, na wengine walikuja baadaye wakiwa na pensheni mkononi, wakikimbia baridi ya kwao. Ndiyo maana mhudumu aliyesoma shule ya msingi ya Malindi anaweza kubishana kwa Kiitaliano kuhusu chumvi ya pasta bila kusita.

Lakini wastaafu wa Malindi si wageni tu, wala wageni si wengi wao. Kuna walimu, wauguzi, polisi, makarani na watu wa bandari waliofika miaka 60, wakapewa barua ya kustaafu na kurudi nyumbani Malindi, Magarini au Ganze. Kuna watu wa bara waliojinunulia ploti karibu na bahari wakiwa bado kazini, wakasubiri siku ya kujenga. Na kuna wazee ambao hawakuwahi kuajiriwa na mtu: wavuvi, wakulima, mama waliouza mahamri alfajiri kwa miaka 40. Hao hawakustaafu kwa barua. Walistaafu magoti yalipokataa.

Sasa zitazamwe nambari mbili. Mgeni anayetaka kuishi Kenya bila kufanya kazi huomba kibali cha daraja la K. Kanuni za uhamiaji zinamtaka awe amefika umri wa miaka 35 na awe na mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 kwa mwaka. Hizo ni dola 2,000 kwa mwezi. Upande wa pili yuko mzee Mkenya aliyefika miaka 70 asiye na pensheni ya serikali, anayelipwa kupitia mpango wa Inua Jamii. Yeye hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi hupokea za miezi miwili kwa pamoja. Elfu mbili hapa, elfu mbili pale. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, elfu mbili ya kwanza ni shilingi 258,000. Wenye fedha hizo mbili huonekana soko moja asubuhi wakichagua papai.

Kwa hiyo mtu akisema chakula cha Malindi ni cha bei nafuu, aulizwe kwanza: nafuu kwa nani? Shilingi 2,000 ukizigawa kwa siku 30 ni shilingi 66 na senti kadhaa kwa siku, na humo zimo dawa, sabuni, mafuta ya taa na mjukuu aliyekosa kalamu. Kwa mzee huyo hakuna menyu ya mkahawa iliyo nafuu. Mwalimu mstaafu mwenye pensheni yuko katikati. Ana uwezo wa kumpeleka mkewe kula nje mara moja kwa mwezi, lakini ni lazima ajue kabla ya kuketi atatoka na kiasi gani mfukoni. Huyu wa katikati ndiye mazungumzo haya yanamhusu zaidi, kwa sababu ndiye anayeingia akihesabu, na ndiye anayeumia hesabu ikigeuka mezani.

Na mwenye pensheni ya kigeni asidhaniwe hana machungu yake. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na euro moja ilibadilishwa kwa zaidi ya shilingi 170. Kufikia mwisho wa mwaka huo dola ilikuwa karibu shilingi 129 na euro karibu 135. Mtu aliyekuwa akipokea euro 1,000 alikuwa na takriban shilingi 174,000 Januari na takriban 135,000 Desemba. Menyu haikubadilika hata herufi moja, lakini kwake yeye kila sahani ilipanda bei. Mwenye mkahawa alilaumiwa kwa jambo lililotokea benki. Mkenya hapo alipata nafuu kidogo, kwa kuwa shilingi ikipata nguvu bidhaa za kutoka nje hupungua makali, ingawa nafuu hiyo huchelewa sana kufika kwenye menyu. Bei hupanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi.

Upande wa jikoni nao usikilizwe. Samaki wa Malindi ana msimu, na msimu wake haufuati msimu wa wageni. Kusi linapovuma, kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na wavuvi wa mashua ndogo hupunguza safari. Agosti, Waitaliano wanapokuja likizo kwa wingi, samaki bado ni wa kutafutwa. Wageni wengi, samaki wachache: mwenye mkahawa analipa zaidi pale ufuoni, na mlaji analipa zaidi mezani. Kaskazi likishika, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari hutulia na samaki huongezeka, ila huo nao ndio wakati wa Krismasi na Mwaka Mpya, na kila mtu anataka kamba na changu. Mstaafu anayeishi hapa mwaka mzima akila samaki Agosti na akila Februari, asishangae bei zikitofautiana. Akishangaa Februari kwamba bei ya Agosti haijashuka, hapo ana haki ya kuuliza.

Gharama nyingine hazina msimu. Friji ya samaki haizimwi usiku. Kima cha chini cha mshahara kiliongezwa kwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024, na ni haki ya mfanyakazi kuongezwa, lakini fedha hizo zinatoka kwenye sahani. Mwajiri pia hulipa asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mfanyakazi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, pamoja na mchango wake wa NSSF. Kuna leseni ya biashara, kibali cha afya, na vyeti vya afya vya wapishi. Aprili hadi Juni, mvua za masika zikinyesha, baadhi ya hoteli hufunga kabisa, na zinazobaki wazi hulipa kodi ya jengo zima kwa meza mbili zenye watu. Hasara ya Mei hulipwa na mlaji wa Desemba. Hayo yote ni ya kweli na hayana ubaya.

Ubaya upo mahali pengine, nao ni mdogo kiasi kwamba wengi huupita bila kuuona. Umo katika mstari wa mwisho wa menyu, ule ulioandikwa kwa herufi ndogo.

Tuseme samaki na wali vimeandikwa shilingi 800. Mwalimu mstaafu ameona 800, akahesabu mbili kwa ajili yake na mkewe, akapata 1,600, akaagiza kwa moyo mkunjufu. Bili ikija, VAT ya asilimia 16 imeongeza shilingi 128 kwa kila sahani. Ushuru wa utalii wa asilimia 2 umeongeza shilingi 16. Ada ya huduma ya asilimia 10 imeongeza 80. Sahani ya 800 imekuwa 1,024, na chakula cha watu wawili kimekuwa 2,048. Ile tofauti ya shilingi 448 ndiyo nauli ya kurudi nyumbani na mkate wa kesho. Mkahawa wa jirani ulioandika bei yake kuwa 1,000, kila kitu ndani, ulionekana ghali mlangoni, kumbe ndio uliokuwa nafuu.

Tozo hizo tatu si ndugu wa baba mmoja. VAT ni kodi ya serikali ya kitaifa. Biashara inayotakiwa kujisajili kuilipa ni ile ambayo mauzo yake yanayotozwa kodi yanafika shilingi milioni 5 kwa mwaka. Hoteli ndogo ambayo haijasajiliwa haina ruhusa ya kumtoza mtu VAT, hata kama mwenyewe amejifunza kuandika herufi hizo tatu kwenye bili. Njia rahisi ya kujua ni kuomba risiti ya KRA, ile ya eTIMS yenye alama ya kuskani kwa simu. Anayetoza VAT na hana risiti hiyo ya kutoa, ana swali la kujibu.

Ushuru wa utalii umewekwa kwa Sheria ya Utalii ya 2011 na huenda kwenye Hazina ya Utalii. Si bakshishi, wala haubaki na mwenye hoteli.

Ada ya huduma ndiyo inayozua maneno mengi, na ni sawa izue. Hiyo si kodi. Hakuna sheria inayomlazimisha mkahawa kuitoza. Ni uamuzi wa mwenye biashara, na Sheria ya VAT ya 2013 inaiacha nje ya hesabu ya kodi iwapo haizidi asilimia 10 na inagawiwa wafanyakazi moja kwa moja mahali pa bakshishi. Maana yake ni kwamba fedha hizo zimesamehewa kodi kwa sababu zinadaiwa kuwa ni za mhudumu. Mstaafu anayemuuliza mhudumu taratibu, bila kumtia matatani mbele ya meneja, kama ada hiyo inamfikia, hajauliza swali la utovu wa adabu. Kama haimfikii, basi mzee amelipa bakshishi ambayo hakuna mtu aliyeipokea, na mara nyingi anaacha tena noti ya 100 chini ya sahani kwa kuona haya. Amelipia huduma mara mbili na mhudumu amepata ya mara moja.

Sheria ya Ushindani ya 2010 inasema mlaji wa huduma ana haki ya kuelezwa gharama na ada zote atakazotozwa, kwa jina lolote zitakaloitwa. Katiba, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na anachonunua, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Mahali popote hapo hapakusemwa kwamba chakula lazima kiwe cha bei ya chini. Kilichosemwa ni kwamba bei isifichwe.

Hapa ndipo inafaa kulisema waziwazi jambo ambalo wakaazi wengi hawapendi kulisikia: serikali ya kaunti haiwezi kupanga bei ya biriani. Sheria ya kudhibiti bei za bidhaa muhimu, ya 2011, iko mikononi mwa waziri wa kitaifa wa fedha, na inahusu bidhaa atakazozitangaza kuwa muhimu, sio sahani ya mkahawani. Kaunti imepewa na Jadwali la Nne la Katiba leseni za biashara, masoko, utalii wa mashinani, usimamizi wa biashara zinazouzia umma chakula, na haki katika uuzaji na ununuzi. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Kaunti haiwezi kumwambia mwenye mkahawa auze kwa 500. Inaweza kumuuliza kwa nini aliandika 800 akachukua 1,024.

Na inaweza kuuliza pia kuhusu menyu mbili. Jambo hili husemwa chini ya pumzi: kwamba kuna mahali mgeni hupewa menyu moja na mwenyeji nyingine, au menyu isiyo na bei kabisa, kisha bei ikatajwa kwa kutazama viatu. Bei tofauti kwa watu tofauti si dhambi. Kwenye makumbusho na mbuga za wanyama Mkenya hulipa kiasi chake, mkaazi wa kigeni chake na mtalii chake, na hakuna anayegombana, kwa kuwa viwango vimebandikwa langoni. Gedi, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, ina viwango vya namna hiyo, na mzee wa Malindi anajua atalipa nini kabla hajatoka nyumbani. Mkahawa unaotaka kuwa na bei ya wakaazi na bei ya wageni unaweza kufanya hivyo hivyo, kwa kuandika ukutani. Kinachokera ni bei inayopangwa moyoni mwa mhudumu wakati mteja anavuta kiti. Na hapo anayeonewa mara nyingi ni yule mzee wa Kizungu aliyeishi Malindi miaka 20, anayenunua mboga kwa bei ya kila mtu, lakini kila mkahawa mpya humhesabu kama aliyeshuka ndege jana. Wenyeji husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu aliyezeekea mjini si mgeni tena.

Liko pia jambo la bahari, na hili linawagusa wazee wa hapa kuliko la Waitaliano. Mzee aliyezaliwa Shela au Barani alikwenda ufuoni tangu utotoni bila kulipa chochote. Leo miguu haimruhusu kuketi mchangani. Anataka kiti chenye mgongo, kivuli, na choo kilicho karibu. Kwa kawaida vitu hivyo vitatu viko ndani ya mkahawa, na tiketi ya kuingia ni soda au kahawa. Soda ile ile inayouzwa dukani inauzwa pale mara kadhaa zaidi, na mwenye mkahawa atasema kwa haki kwamba hauzi soda, anauza kiti na kivuli. Ni kweli. Lakini ikiwa kiti pekee kinachotazama bahari ni cha mkahawa, basi bei ya soda imekuwa ada ya kuiona bahari, na hilo si suala la mkahawa peke yake. Kifungu cha 57 cha Katiba kinataka wazee washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na waishi kwa heshima. Mabenchi yenye mgongo, kivuli na vyoo vya umma karibu na ufuo vingefanya bei za mikahawa kuwa jambo dogo kwa wazee wengi, kwa maana wangekuwa na mahali pengine pa kukaa. Wakaazi wanaohudhuria vikao vya maoni kuhusu bajeti ya kaunti wanaweza kulisema hilo kwa sauti, maana vikao hivyo ni vyao kisheria. Mara nyingi wanaokuja kusema huko ni vijana, wakisema kuhusu barabara. Mzee akisimama akaomba benchi, itaandikwa.

Wapo watakaosema: asiyeweza mkahawa aende kibandani. Mahamri na mbaazi asubuhi, ugali na mchicha mchana, wali na maharagwe jioni, na kahawa tungu usiku kwa wazee wenzake. Ni kweli kwamba Malindi ina bahati ya kuwa na vyakula vizuri vya bei ya chini, na chapati ya kibandani mara nyingine huishinda ya hoteli kubwa kwa mbali. Ila kibanda kina masharti yake kwa mwili mzee. Kiti ni ubao usio na mgongo. Chumvi ni nyingi na mafuta ni ya kukaangia, na mzee mwenye presha au kisukari ameonywa hospitalini. Mwenye hoteli ndogo anayejua kupika samaki wa kuchemsha bila chumvi nyingi, akaweka viti vinne vyenye mgongo na maji ya kunawa yasiyohitaji kuinama, ana wateja wanaomsubiri. Hahitaji mkopo mkubwa kwa hilo. Kumwambia mzee aende kibandani bila kutazama kibanda kikoje ni kumfukuza kwa adabu.

Wenye mikahawa mikubwa nao wana jambo la kufikiria, na ni la biashara tupu. Mtalii hula Malindi kwa siku 14. Mstaafu hula kwa miezi 12. Mei, mvua ikinyesha na wahudumu wakiwa wameambiwa wakae nyumbani hadi Julai, anayebaki mjini ni mstaafu. Bei iliyopangwa kwa ajili ya mtu wa siku 14 humfukuza mtu wa miezi 12, kisha mwenye mkahawa hushangaa mbona meza ni tupu wakati wa masika. Sahani ya mchana ya bei moja, iliyoandikwa mlangoni, kila kitu ndani, kwa wakaazi wa rika zote waliofika miaka 60, siku za Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia Aprili hadi Juni: hilo halitajaza mkahawa kama Desemba, lakini laweza kubakiza wapishi wawili na wahudumu watatu kazini katika miezi ambayo familia zao huishi kwa kukopa dukani. Faida ya sahani itakuwa ndogo. Kiti kilicho tupu hakina faida hata kidogo.

Kwa jumla, basi, bei nyingi za mikahawa ya Malindi zina sababu zake, na mwenye kuziita wizi anamwonea mwenye mkahawa. Lakini bei isiyosomeka kabla ya kula si ya haki hata ikiwa ndogo. Mstaafu ana mapato yasiyoongezeka kwa kufanya kazi saa za ziada. Mfanyakazi akikosea hesabu ya chakula Jumamosi, ataifidia mwisho wa mwezi. Mzee akikosea, ataifidia kwa dawa.

Yale ambayo mkaazi anaweza kufanya tangu leo hayahitaji wakili. Kabla ya kuagiza, aulize: bei hii ina kodi ndani au nje? Ada ya huduma ipo? Ajibiwe kwa nambari. Bili ikija na tozo ambayo haikutajwa, aombe kuonyeshwa ilipoandikwa kwenye menyu. Kama haikuandikwa popote, ahifadhi risiti na kupiga picha menyu. Lalamiko la bei za kupotosha hupelekwa kwa afisa wa biashara wa kaunti au Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Lalamiko la VAT bila risiti huenda KRA. Lalamiko la usafi wa chakula huenda kwa afisa wa afya ya umma. Asiyejua pa kuanzia aende kwa msimamizi wa wadi, na asikubali kuambiwa kwamba hilo ni jambo dogo. Wageni wasio na Kiswahili wala Kiingereza cha kutosha waende na jirani.

Halafu kuna samaki wa kilo. Mikahawa mingi huandika kamba, kaa na samaki mzima kwa bei ya kilo au ya gramu 100, na hapo ndipo bili huruka kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mlaji hujua uzito baada ya kumla. Samaki huyo apimwe mbele ya mteja akiwa mbichi, uzito usomwe na pande zote mbili, na bei kamili itajwe kabla hajaingia jikoni. Mizani yenyewe, chini ya Sheria ya Vipimo, inatakiwa iwe imekaguliwa na kupigwa muhuri na afisa wa vipimo. Muhuri huo huonekana kwa macho. Mzee akiomba mizani igeuzwe auone, igeuzwe.